Sanduku Lililodhani Chumbani Hamna Mtu

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake. Nilipompokea mikononi pale mlangoni pa wodi, Msambweni, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba alikuwa mwepesi kuliko kamusi ninayoiweka mezani. Mtu aliyeharibiwa na chuo kikuu hupima kila kitu kwa vitabu. La pili lililonijia ni hofu, na hiyo haikuondoka.

Nesi alitupa maagizo taratibu, kama mtu anayejua kwamba wanaosikiliza hawasikii. Mtoto anyonye kila baada ya saa mbili, hata akiwa usingizini. Macho na ngozi yake yatazamwe, yasije yakageuka manjano. Kifua chake kitazamwe, kama kinapanda na kushuka. Na moshi usimkaribie, uwe wa jikoni, wa sigara au wa ubani.

"Mtoto kama huyu hawezi kuwaambia kitu," alisema. "Kazi yenu ni kumtazama."

Kumtazama kulitaka mwanga, na kule tulikokuwa tukimpeleka stima haikuwako.

Binti yangu alikuwa akienda kukaa arobaini yake kwa mama yangu, kijijini Jego. Mumewe yuko melini. Mama yake tuliachana zamani, na siku hizi yuko Uarabuni kikazi, hutusalimu kwa simu. Nyumbani kwangu Ukunda kuna stima na maji ya bomba, lakini hakuna mwanamke wa kumkanda mzazi, kumpikia uji wa pilipili manga na kumkemea. Kwa hiyo ilikuwa lazima iwe Jego, na Jego transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua wiki tatu kabla. Wenye stima walipopigiwa simu walisema kesho, na walizidi kusema kesho kwa upole uleule.

Isitoshe, kwetu mtoto mchanga halali gizani mpaka siku arobaini zitimie. Taa huwekwa chumbani, kisu huwekwa chini ya mto, na jua likizama taa hiyo haizimwi mpaka kuche. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba kuna vitu vinavyowapenda watoto wachanga na havipendi mwanga. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha ndefu kueleza kwamba mila hii asili yake ni busara ya kawaida, kwamba taa ni ya kumsaidia mama aone anachokifanya. Nilipata alama nzuri. Sasa nilikuwa na mjukuu mwepesi kuliko kamusi, na niligundua kwamba naamini maelezo yote mawili kwa wakati mmoja.

Nilikwenda kwenye duka moja Ukunda linalouza vifaa vya sola. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, mwenye miwani ya jua juu ya kichwa. Alinionyesha pawa stesheni, nami nilivyoielewa ni betri kubwa iliyotiwa ndani ya sanduku lenye mpini, soketi kwa mbele, na kioo kidogo kinachoonyesha chaji iliyobaki. Mchana unaiunganisha na sola, usiku inakupa stima.

"Hii mzee ni kifaa," alisema. "Inabeba friji, inabeba TV, inabeba na woofer. Wewe unataka ibebe nini?"

"Taa."

"Taa na nini?"

"Taa moja."

Alinitazama, kisha akatazama sanduku kana kwamba analionea huruma. "Mzee, hiyo ni kama kukodi lori libebe kiberiti."

Nilicheka kwa hadhi. Sikujua kwamba katika sentensi ile moja alikuwa amenipa somo zima, na kwamba ningeliishia kulipia ujinga wangu kwa hofu ambayo sijapata kuijua tangu nizaliwe.

Nilinunua sanduku, sola yake ya kukunja, na pakiti ya balbu nne za LED, za wati tano kila moja. Nilipofika Jego nilitundika moja tu, chumbani kwa mzazi. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye gari: balbu moja, kuanzia Maghribi mpaka jua litoke, na ziada ya kutosha siku ambazo mawingu yatafunga. Tatu nilizirudisha kwenye pakiti, nikaiacha kabatini.

Mama alisimama nyuma yangu, mtandio begani, akitazama nikifunga waya juu ya boriti.

"Na ukumbini je?" aliuliza. "Na njia ya msalani?"

"Mama, tubane. Mvua ikinyesha sola haitavuta kitu."

"Haya, babaangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nyumbani kwetu maneno hayo si sifa.

Kisha nikafanya kosa ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kujificha. Siku chache kabla, kwenye simu, nilikuwa nimeona video ya betri ikiungua katika nchi ya mbali, moshi mweupe ukitoka na watu wakikimbia. Ile picha ilinikaa. Basi nikawakusanya mama na binti yangu mbele ya sanduku nikawahutubia. Wakati wa Maghribi binti yangu angebonyeza kitufe hiki, mara moja. Asubuhi angekibonyeza tena. Zaidi ya hapo lisiguswe.

"Na ikizimika yenyewe?" binti yangu aliuliza.

"Ikizimika yenyewe ujue imezidiwa. Msiiwashe. Mkiiwasha inaweza kulipuka. Nipigieni."

Sikuwa nimesoma hayo mahali popote. Kijitabu cha maelezo kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni yake, kwa sababu nilijiona si mtu wa kusoma vijitabu vya maelezo. Niliyatunga pale pale, kwa sauti ya mtu anayejua, na nikayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi nikaibandika juu ya sanduku. Mama aliutazama ule ubao wangu wa hatari, akainama, akakivuta kitanda cha mtoto mpaka upande wa pili wa chumba.

Nikarudi Ukunda, kazini.

Kila jioni saa moja na nusu, baada ya kula, nilipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Taa inawaka?"

"Inawaka, alhamdulillahi."

"Na mtoto?"

"Bwanangu huyu? Amelala. Hana shida na mtu."

Jioni nane mfululizo nilipata jibu hilohilo, na baada ya kukata simu ndipo hofu ilipoanza. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu, feni ikizunguka juu, taa zikiwaka vyumba vyote hata visivyo na mtu, nikimwona yule mtoto kifua chake kikipanda na kushuka. Nikawaza kwamba kitapanda kisishuke. Nikawaza manjano ikiingia machoni polepole na mama, ambaye macho yake mwenyewe yana ukungu, asiione. Nikawaza sanduku lenyewe, betri yake ikivimba chini ya karatasi yangu ya herufi kubwa. Nilijiambia kwamba taa inawaka, na penye taa watu wanaona. Kwa kweli nililishikilia lile neno "inawaka" kama mtu anavyoshikilia kamba ya mtungi kisimani.

Siku ya tisa, ilikuwa Ijumaa, nilikwenda. Barabara ya kutoka Lunga Lunga kuteremka ilikuwa na madimbwi, na wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa bahari. Mama alimtoa mtoto mpaka kizingitini ili nimwone kwa mwanga wa mchana. Alikuwa ameongezeka kidogo, au nilitaka iwe hivyo. Mdomo mdogo, nyusi zimechorwa wanja. Nilipoinama kumsikiliza nikasikia pumzi yake ina mkwaruzo, kama mtu anayekokota jembe sakafuni chumba cha mbali. Na ndani ya matundu ya pua, pande zote mbili, palikuwa na weusi.

"Mama, hii nini puani?"

"Wanja huo," alisema, akamfunika. "Wanja husambaa."

Wanja haupandi puani. Hilo nililijua saa ileile. Lakini mtu mwenye hofu huwa na moyo mwepesi wa kukubali jibu, maana akikataa atalazimika kuuliza swali la pili. Nikakubali. Nikasema tu kwamba, kwa vile mvua inakuja, nitalala hapa hapa leo.

Mama alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Kulala?"

"Kwani pana ubaya?"

"Hapana ubaya. Nyumba yako." Kisha akaingia jikoni, na nikamsikia akihamisha vitu.

Maghribi ilipoingia binti yangu alibonyeza kitufe. Taa ikawaka, nyeupe na tulivu. Tukaswali, tukala samaki wa kupaka na wali, tukaswali Isha. Mimi nikatandikiwa mkeka ukumbini, nje ya pazia la chumba cha mzazi. Mwanamume haingii ovyo kwa mzazi, hata akiwa baba yake. Kwa hiyo nilichoweza kuona ni mstari mweupe wa mwanga chini ya pazia, na kivuli cha miguu ya mama kikipita. Ukumbini penyewe palikuwa giza, kwa agizo langu mwenyewe.

Nililala chali nikautazama ule mstari. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, si kubwa, ya kutosha kufunika sauti ndogo. Nilikuwa nikijaribu kuisikia pumzi ya mtoto nyuma ya mvua. Mara naisikia, mara naipoteza. Nikaanza kuona aibu. Mtu wa miaka yangu, mwenye shahada mbili, anahesabu pumzi za mtoto kupitia pazia.

Mstari ukakatika.

Haukufifia, haukumemeteka. Ulikuwako, kisha haukuwako. Nilikuwa gizani kiasi kwamba nilipoinua mkono sikuuona. Ilikuwa kama saa mbili na nusu hivi. Nikangoja mtu apige kelele, mtu aniite. Hakuna aliyeita. Na pumzi ya mtoto, ambayo kabla nilikuwa naipoteza na kuipata, sasa sikuipata kabisa.

Nimewahi kuogopa mitihani, madaktari na mbwa wa watalii kule Diani. Hofu hiyo ilikuwa nyingine. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na shati lilikuwa kwenye msumari upande wa pili wa ukumbi, na baina yangu na msumari palikuwa na lile giza. Kichwani mlikuwa na sentensi moja tu, nayo niliitunga mwenyewe: ikizimika yenyewe ujue imezidiwa. Nikanusa hewa nikitafuta moshi mweupe.

Nikafanya kitu cha kipumbavu, ndicho nilichofundishwa tangu utotoni.

"Hodi," nikasema.

Mvua tu juu ya mabati.

"Hodi, mama. Hodi!"

Ndipo nikasikia kiberiti kikikwaruzwa, mara moja, kwa mkono usio na haraka. Chini ya pazia ukaibuka mwanga mwingine, wa manjano, unaotikisika.

"Karibu," mama alisema, kama anayempokea mgeni wa saa nne asubuhi.

Nikaingia. Juu ya kigoda, hatua moja kutoka kitanda cha mtoto, palikuwa na koroboi, kile kitaa cha mkebe chenye utambi, ulimi wake wa moto umesimama na juu yake uzi mweusi wa moshi ukielekea kwenye chandarua. Binti yangu alikuwa ameketi kitandani, macho chini. Na kwenye chandarua, usawa wa koroboi, niliona kitobo cha ukubwa wa sarafu, kingo zake zimekunjamana kwa kuungua. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu, vizuri, kwa mishono midogo ya mtu mwenye subira.

"Mama, hii nini?"

"Koroboi."

"Naiona ni koroboi."

"Basi mbona wauliza?"

"Tangu lini?"

"Tangu usiku wa kwanza," alijibu. "Sanduku lako lina tabia zake. Isha ikishapita nalo linalala. Umetuambia tusiliguse. Hatukuligusa."

"Si niliwaambia mnipigie!"

"Bibi alinikataza, Baba," binti yangu alisema kwa sauti ndogo. "Alisema utapanda gari na mvua hii, tukuzike wewe kabla hatujamaliza arobaini."

"Umeleta kitu kwa moyo wako," mama alisema. "Zawadi haitiwi kasoro mbele ya aliyeileta. Wewe uliuliza, taa inawaka? Na kila ulipouliza, ilikuwa inawaka. Nilidanganya?"

Hakudanganya. Nilikuwa nikipiga simu saa moja na nusu.

"Lakini nesi alisema moshi..."

"Nesi alisema ubani, nikaacha ubani. Mzazi bila ubani, nyumba inanuka kama bandari, nikaacha. Giza siachi. Ningemtazamaje gizani? Niambie wewe uliyesoma. Ningemtazamaje?"

Nilikwenda kuchukua simu, nikawasha tochi yake, nikaizima koroboi kwa vidole, nikaungua, nikasimama juu ya mtoto. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Kisha kikakaa. Tulikuwa watu watatu juu ya kitanda kile na hakuna aliyevuta pumzi. Kikakaa. Mkono wa mama ulikuwa umenishika mkononi juu ya kiwiko, nilikuja kuona alama za kucha asubuhi. Halafu kikapanda tena, haraka haraka, kana kwamba mwenyewe alikuwa amesahau na sasa amekumbuka.

"Hufanya hivyo," binti yangu alinong'ona. "Nesi alisema hufanya hivyo, mradi anaanza tena. Ndiyo maana hatuwezi kukaa gizani."

Nikatoka barazani nikampigia muuzaji. Nilitaka kumgombeza mtu, na yeye ndiye pekee niliyekuwa na namba yake. Duka lilikuwa bado wazi, nilisikia muziki.

"Mashine yako imekufa," nilimwambia. "Inazimika kila siku, saa mbili tu baada ya kuwashwa. Tuna mtoto mchanga hapa."

"Saa mbili kamili?"

"Kama saa mbili."

"Na umeweka nini?"

"Taa. Balbu moja, wati tano."

Akaanza kucheka, kisha nadhani akakumbuka mtoto, akaacha. "Mzee, haijakufa. Imelala. Hiyo kitu imetengenezewa kazi kubwa. Ukiipa kazi ndogo sana, kama chini ya wati kumi, haiioni. Inadhani hakuna mtu, kila mtu ameenda, mmesahau kuizima. Ikingoja saa mbili inajizima, isimalize chaji bure. Si nilikuambia, lori na kiberiti? Na iko kwa kitabu. Ukurasa wa tatu hivi. Hukusoma?"

Nilisema nilikuwa nakisoma.

"Ukibonyeza tena inawaka?"

"Inawaka. Hailipuki?" niliuliza, na nilishukuru kwamba mvua ilikuwa ikinyesha na mama hasikii.

"Ilipuke kwa nini, mzee? Ongeza taa. Weka tatu. Itajua muko."

Nilibaki barazani kidogo baada ya kukata. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati. Inadhani hakuna mtu. Usiku nane mfululizo lile sanduku lilikuwa limekitazama chumba chenye mama yangu, binti yangu na mtoto ambaye ndiye sababu ya kununuliwa kwake, likaona hakuna mtu, likafunga. Na aliyeliagiza hivyo ni mimi, kwa ubahili wangu wa balbu moja, kisha nikaweka karatasi ya kuwazuia waliomo ndani wasijulishe kwamba wamo.

Nilirudi chumbani nikiwa na pakiti ya balbu. Nilipoinama kwenye kitufe, mama alimwinua mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ulisema italipuka."

"Nilisema."

"Basi?"

"Haitalipuka."

"Uliposema italipuka, ulikuwa wajua?"

"La."

"Na sasa usemapo haitalipuka, wajua?"

"Nimeuliza anayejua."

"Basi bonyeza. Lakini sisi tutoke kwanza."

Wakatoka mpaka ukumbini wote watatu, na mimi nikabonyeza peke yangu, uso nimeugeuza pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Taa ikawaka. Nikachana karatasi yangu. Nikafunga balbu ya pili ukumbini, mama akinishikia tochi, na ya tatu kwenye njia ya msalani, chini ya paa la makuti ambapo mvua haifiki. Wati kumi na tano. Mama hakusema lolote kuhusu siku ya kwanza alipoziomba taa hizo hizo mahali pale pale. Alisema tu, "Inua kidogo, itamgonga mtu kichwa."

Kisha tukangoja. Saa mbili si muda mrefu ukiwa unasoma kitabu kizuri. Tulikaa chini ya ile taa, mtoto akanyonya, akalala, na mimi nikawa natazama saa ya simu. Ilipokaribia, binti yangu akashika kiberiti. Mama akasogeza koroboi karibu na mguu wake, bila kuiwasha. Dakika ilifika, ikapita. Ikapita na nyingine. Hakuna aliyesema alhamdulillahi, kwa kuogopa kuiudhi.

Asubuhi tulimpeleka mtoto zahanati ya Vanga. Mganga alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, akamgeuza, akamsikiliza mgongoni. Akachovya pamba akamsafisha pua, pamba ikatoka nyeusi, akatuonyesha bila kutugombeza, na hilo lilituumiza zaidi. Mapafu ni safi, alisema. Koo lina mkwaruzo, litapona. Lakini wiki nyingine mbili za hivi asingetuahidi kitu. Mama aliichukua ile pamba, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Sikumwuliza ya nini.

Kuanzia hapo nilipiga simu saa tatu, baada ya ile saa ya sanduku kulala.

"Taa inawaka?"

"Zote tatu. Mende wa nyumba hii hawana tena pa kujificha. Jirani amekuja kuuliza kama tuna harusi."

"Na mtoto?"

"Msikilize mwenyewe." Na aliiweka simu karibu na uso wa mtoto, na mimi nilikaa Ukunda nikisikiliza pumzi za mtu aliyelala Jego, mpaka salio lilipokwisha.

Mvua zilikuja kweli. Kwa siku nne sola haikuvuta kitu cha maana, na chaji ikawa inashuka. Niliogopa kama kawaida yangu, nikashauri tuzime ya msalani. Mama alikataa. Alisema ameshazoea kuonekana. Siku ya tano wenye stima walisema kesho, na siku hiyohiyo jua likatoka, na ni jua lililotangulia.

Siku ya arobaini nilifika alfajiri. Mtoto alikuwa ameoshwa, amenyolewa, na uzito wake sasa ulishinda kamusi yangu na kitabu kingine juu yake. Jua lilikuwa bado halijatoka, na madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa. Kwetu taa ya mzazi siku hiyo huzimwa na mkubwa wa nyumba, ndipo mtoto atolewe nje kuonyeshwa dunia.

Mama alikuja mbele ya sanduku. Katika siku zote zile hakuwa ameligusa hata mara moja.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo. Bonyeza, shikilia kidogo."

"Bismillahi." Alibonyeza kwa ncha ya kidole, akauvuta mkono kama aliyegusa sufuria.

Giza likashuka. Lilikuwa lilelile, la usiku wa mkekani, zito, bila ukingo. Nilijua mtoto yuko mikononi mwa binti yangu, hatua mbili kutoka nilipo. Nilijua ni mzima, nilikuwa nimemshika sasa hivi. Nikasikiliza. Mama naye alikuwa amenyamaza, na binti yangu pia, na nilijua kwamba wote tunasikiliza kitu kimoja na bado hatujakisikia.

Mtoto akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," mama akamsemea, kwa kuwa mwenyewe hajui bado kusema.

"Mama," nikasema, "iwashe tena kidogo."

"Na wewe nawe," akasema gizani. "Fungua dirisha."